Shufaa na Uuguzi wa Asiyepona katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika lugha ya utabibu ya Tanzania, matunzo apewayo mtu mwenye ugonjwa mzito unaohatarisha uhai wake, ili apunguziwe maumivu na mashaka ya mwili, moyo na roho, huitwa tiba shufaa, na pengine huduma shufaa. Jina hili ni jipya, lakini sehemu kubwa ya jambo linalotajwa ni ya kale. Watu wameugua maradhi yasiyo na dawa tangu zamani, na jamaa zao wamewauguza mpaka pumzi ya mwisho. Yaliyo mapya ni mambo matatu: dawa iwezayo kutuliza maumivu makali huku mgonjwa akiendelea kuzungumza na watu wake, desturi ya kumweleza mgonjwa hali yake kwa ukweli, na fikira ya kwamba kazi ya tabibu haikomi pale tumaini la kupona linapokoma.

Jinsi mambo hayo yalivyopokelewa katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa hakuwezi kuelezwa kwa tarehe za hospitali peke yake. Hapana budi maneno nayo yaangaliwe, maana katika habari za mauti watu huongozwa na majina ya vitu kabla hawajaviona vitu vyenyewe. Jina likitisha, mgonjwa hukawia. Na mgonjwa akikawia, maumivu ambayo yangaliweza kutulizwa huendelea kumtesa bure.

Nchi inayohusika ni pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania. Juu ipo milima ya Umatengo na mji wa Mbinga. Chini lipo ziwa, pamoja na Mbamba Bay na Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Kwa miaka mingi nchi hii yote ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 mwambao ulitengwa ukawa Wilaya ya Nyasa. Milimani wengi ni Wamatengo, na Wangoni pia wamo. Ziwani wako Wanyasa, Wamanda na Wampoto. Wa juu ni wakulima wa kahawa, mahindi na maharage. Wa chini ni wavuvi na wakulima wa mihogo. Tofauti hizi za kazi zina maana katika habari ya uuguzi, kwa sababu anayeuguza huacha kazi fulani, na kazi iliyoachwa huonekana ghalani.

Kati ya Wamatengo ukoo ulikuwa na baraza lake liitwalo sengu, ambamo jamaa walikula pamoja na kuzungumza shida zao chini ya mzee wao. Ugonjwa mrefu ni mojawapo ya shida zisizoweza kubebwa na nyumba moja. John M. Janzen, aliyeandika mwaka 1978 juu ya watu wa Kongo ya chini, alionyesha kwamba mgonjwa katika jamii za namna hii si mwamuzi wa pekee wa tiba yake: jamaa hukusanyika, huupima ugonjwa, huchagua mganga, na huamua lini kubadili njia. Jambo hilo lafaa kukumbukwa popote panapokuwa na baraza mfano wa sengu, kwa kuwa anayetaka kujua maoni ya watu juu ya tiba hapaswi kumuuliza mgonjwa peke yake. Sauti ya mjomba, ya shangazi au ya kaka mkubwa yaweza kuwa na uzito kuliko sauti ya aliye kitandani.

Walakini kuamua ni kazi moja, na kuuguza ni nyingine. Kiswahili kinazitenga vizuri: mtu huugua, na mwingine humuuguza, kitenzi cha pili kimezaliwa na cha kwanza, kana kwamba anayeuguza naye ameingizwa ndani ya ugonjwa ule. Milimani mzigo huu uliwaangukia hasa wanawake. Katika kilimo cha ngolo, yaani mashimo ya Umatengo yanayozuia mvua isichukue udongo wa mteremko, wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, na wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Kazi hii hufanyika kabla mvua haijaisha, na maharage hupandwa mnamo mwezi wa Machi. Mwanamke aliyefungwa kando ya kitanda cha mgonjwa katika majuma hayo hukosa ngolo, na aliyekosa ngolo hukosa maharage ya mwaka huo. Kwa hiyo ugonjwa usiopona haukuwa huzuni tu. Ulikuwa pia deni la chakula. Mtu anayestaajabu kwa nini jamaa wengine waliona haya kumpeleka mgonjwa mbali, au walichoka mapema kuliko walivyopenda, na aanze kwa kuhesabu siku za jembe.

Utabibu wa Kizungu uliingia katika nchi hii kwa njia mbili, moja ya maji na moja ya nchi kavu. Ya maji ilikuwa ya Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ambayo chanzo chake ni hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo ilikifanya kisiwa cha Likoma makao yake makuu ziwani. Padre William Percival Johnson, aliyefika Unguja mwaka 1876, alitumia karibu maisha yake yote kando ya ziwa hili, akafa Liuli mwaka 1928 na kuzikwa huko. Daktari Robert Howard alifika Likoma mwaka 1899, na mwaka 1901 meli Chauncy Maples ilishushwa majini, ikatumika kwa mafundisho ya dini na kwa kutibu wagonjwa wa mwambao. Njia ya nchi kavu ilikuwa ya Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien. Walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Litembo mwaka 1914; na hospitali za Peramiho, Litembo na Liuli zikawa majina yanayojulikana na kila nyumba katika pande hizo.

Utabibu huu uliwafundisha watu somo ambalo matokeo yake hayajaisha. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa buba ulitibiwa kwa sindano kote Tanganyika, na vidonda vilivyomwaibisha mtu kwa miaka vilikauka katika muda mfupi. Watu walikimbilia sindano kwa wingi. Tangu hapo hospitali ikaeleweka kuwa mahali pa kuponea, na sindano ikawa alama ya kuponea. Imani hii ilileta heri nyingi, lakini ilikuwa na upande wake wa pili: mtu ambaye hospitali haikuweza kumponya alionekana kuwa hana tena haja nayo. Maneno “mrudisheni nyumbani” yalisikika kama hukumu. Nyumbani jamaa walimpokea kwa upendo, lakini walimpokea bila dawa. Hivyo pakawa na mgawanyo wa kazi ambao hakuna aliyeupanga: tabibu alishika anayepona, na ukoo ukashika asiyepona.

Penye mgawanyo huo palisimama mtu wa tatu, naye ni padre. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi sana katika Mbinga, sakramenti ya wagonjwa ilijulikana kwa karne nyingi kwa jina la mpako wa mwisho. Jina lilifanya kazi yake. Padre alipoonekana akiingia nyumbani na mafuta matakatifu, waliokuwamo walifahamu kwamba safari imekaribia. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Wakatoliki, si Afrika tu, jamaa walichelewa kumwita mpaka mgonjwa awe hajitambui. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba jina lifaalo zaidi ni mpako wa wagonjwa, wala sakramenti hiyo si ya wale tu walio katika kukata roho. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita alithibitisha utaratibu wake mpya. Hapa ni tukio la historia ya lugha lenye mafunzo makubwa: Kanisa lilitambua kwamba jina moja tu lilikuwa limewazuia wagonjwa wasipate faraja wakati ingaliwafaa, nalo likalibadili. Yatakayosemwa hapa chini juu ya shufaa yapimwe kwa tukio hilo.

Mabadiliko makubwa ya fikira yalikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata hospitali za nchi nzima zilijaa watu ambao hazikuwa na dawa ya kuwaponya. Vitanda havikutosha. Makanisa, mashirika na serikali yalianzisha huduma za wagonjwa majumbani: watu wa kujitolea walitembea kwa miguu wakiwa na sabuni, dawa za kuharisha na vidonge vya maumivu, wakifundisha jamaa namna ya kumgeuza mgonjwa na kumwosha. Kwa mara ya kwanza utabibu ulimfuata asiyepona mpaka mlangoni pake. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, wengi waliokuwa wakingoja mauti walisimama wakarudi mashambani. Hata hivyo fundisho lilibaki: kwamba nyumba ya mgonjwa yaweza kuwa mahali pa tiba, na kwamba mtu wa kijijini asiye tabibu aweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wakati huohuo elimu ya kutuliza maumivu ilikuwa ikienea duniani. Cicely Saunders alifungua St Christopher's huko London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu, bali yamechanganyika na huzuni, upweke na wasiwasi wa wale anaowaacha. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi tatu, kuanzia dawa hafifu hata mofini. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Na katika Tanzania hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma yake mwaka 1999. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziiingize huduma hii katika mipango yao ya afya. Kwa ramani hiyo yaonekana kwamba Mbinga na mwambao wake zilikuwa mbali na kila chemchemi: kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Sasa na liangaliwe jina lenyewe. Wako wadhaniao kwamba shufaa ni namna nyingine ya kutamka shifaa, yaani uponyaji, na kwamba tiba shufaa ni tiba iponyayo. Hilo ni kosa, na si kosa dogo, kwa kuwa lageuza maana ya huduma juu chini. Maneno haya mawili yametoka katika mashina mawili mbalimbali ya Kiarabu. Shifaa imetoka katika shina la kupona. Shufaa imetoka katika shina lenye maana ya kukifanya kitu kimoja kuwa viwili, na kutokana nalo Kiarabu hupata jina la hesabu isiyo witiri. Hizo mbili, shufwa na witiri, zimetajwa pamoja mwanzoni mwa Sura ya Al-Fajr. Wanasheria wa Kiislamu hulitumia shina hilohilo kwa haki ya mshirika kununua sehemu ya mwenzake kabla haijauzwa kwa mgeni, maana huiunganisha sehemu ya pili na ya kwanza. Na anayemshufaia mtu kwa mkubwa au kwa Mwenyezi Mungu, yaani anayemwombea, ameitwa hivyo kwa sababu aliyekuwa amesimama peke yake sasa wamesimama wawili.

Kwa maana hiyo ya asili jina ni bora kuliko pengine hata waliolitumia kwanza walivyokusudia. Lugha za Ulaya zimeiita huduma hii kwa neno la Kilatini lililotoka katika pallium, yaani joho: maradhi hayakuondolewa, yamefunikwa. Kiarabu cha leo chenyewe hakitumii shufaa kwa jambo hili, bali hutumia neno la shina la upole, lile lililotupa latifu. Kiswahili cha Tanzania kimechagua njia yake: hakikusema kufunika wala kulainisha, kimesema kusimama wa pili karibu na aliye peke yake. Ndivyo afanyavyo muuguzi mwema, na ndivyo alivyofanya mwanamke wa Umatengo aliyeacha ngolo zake.

Lakini uzuri ulio katika shina la neno si uzuri ulio katika sikio la msikilizaji. Mswahili wa mwambao wa bahari, aliyekulia madrasani, akisikia shufaa hukumbuka mara moja shufaa ya Mtume siku ya Kiyama. Neno kwake ni la faraja, ijapokuwa ni la akhera. Mkristo wa Mbinga hakulelewa na neno hili. Jambo hilohilo katika Kiswahili cha Kanisa huitwa maombezi, na mwenye kulifanya ni mwombezi. Kwa mwambao wa ziwa iko sababu nyingine zaidi: lugha ya kanisa la UMCA huko ilikuwa Kinyanja, ambacho Padre Johnson alikitafsiria Biblia, na maneno ya dini ya asili ya Kiarabu hayakupata njia pana ya kuingia. Kwa hiyo jina linalozungumza Tanga au Unguja laweza kunyamaza Litembo na Liuli. Ubaya wa jina lililonyamaza ni kwamba hujazwa maana na lolote lililo karibu nalo. Likiandikwa juu ya mlango wa chumba ambamo wagonjwa wa saratani waliochelewa hupelekwa, maana yake itakuwa ni mauti, kama ilivyokuwa kwa mpako wa mwisho. Likisikiwa haraka laweza kushikwa kama rufaa, na mtu akatazamia kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Neno halilindwi na kamusi. Hulindwa na yale watu waliyoyaona likiyafanya.

Neno la pili lenye historia yake ni dawa yenyewe. Mofini hutokana na afyuni, na afyuni katika Kiswahili ina jina la kale, kasumba. Kasumba ikaacha kuwa jina la kilevi tu, ikawa jina la mawazo mabaya yaliyomwingia mtu asiyatambue. Ndiyo maana husemwa kasumba ya ukoloni. Nayo sheria huiweka mofini katika jamii moja na dawa za kulevya. Mtu aliyekulia katika lugha hii hawezi kulaumiwa akihofu kwamba mama yake anapewa kitu cha kumpumbaza au cha kumharakisha. Hofu hiyo imewapata hata matabibu. Lakini Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa sheria za dawa hizi, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na kwamba zinapaswa kupatikana kwa kazi hiyo. Mofini ya kunywa, ikipimwa vema na kutolewa kwa saa zake, humwezesha mgonjwa kulala usiku na kuzungumza mchana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: anayeikataa dawa hii kwa niaba ya mwingine na ayakumbuke maneno hayo ya wahenga.

La tatu ni ukweli. Kiswahili kina adabu kubwa mbele ya mauti; mtu hafi, hufariki, huaga dunia, hutangulia. Adabu hiyo ni hazina, wala haifai kudharauliwa. Lakini pana tofauti kati ya kuyastahi mauti na kuuficha ugonjwa. Mara nyingi jamaa humwomba tabibu asimwambie mgonjwa jina la ugonjwa wake, wakidhani wanamlinda, na mgonjwa naye huficha ayajuayo kwa kuwalinda wao. Hivyo watu wa nyumba moja huishi wakichungana. Mambo ambayo yangalisemwa hayasemwi: shamba la kahawa ni la nani, mtoto atasomeshwa na nani, mtumbwi na nyavu vitabaki kwa nani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa baraza la ukoo laweza kuwa dawa badala ya kizuizi. Sengu iliyozoea kugawa chakula na kuamua mashauri haishindwi kusikia habari mbaya ikielezwa kwa heshima, mgonjwa mwenyewe akiwapo.

Yatokanayo na haya yote ni kwamba watu wa Mbinga na Nyasa hawakuwa na haja ya kufundishwa kuwauguza wasiopona. Kazi hiyo waliijua, na waliilipia kwa mavuno yao. Walichokosa kilikuwa dawa ya maumivu iliyo karibu, na mtu wa kuwaeleza bila kuwatisha kwamba dawa hiyo si kasumba, na kwamba kuipokea si kukata tamaa. Mgonjwa wa saratani wa mwambao ambaye hatakwenda Dar es Salaam, ama kwa kuchelewa ama kwa kukosa nauli, hana cha kungoja ila kile kitakachomfikia kijijini. Kikimfikia, jina shufaa litapata maana yake kamili, hata kwa wasiojua Kiarabu. Kisipomfikia, jina litabaki herufi zilizoandikwa juu ya mlango, na watu wataupita mlango huo upande wa pili wa njia. Kanisa lilibadili jina ili watu wasiogope jambo jema. Kwa shufaa haitakikani kubadili jina, bali kulitimiza: penye mmoja, wawe wawili.